Mwizi wa Miguu wa Kihesa

1

Siku ya sabini na moja shemeji yangu Faustini alikuja nyumbani kwangu na kuku chini ya kwapa, nikajua mambo yameharibika. Faustini Kikoti haombi msaada. Akikwama, anapita tu.

"Kamwene, shemeji. Nilikuwa napita tu."

"Na kuku naye alikuwa anapita tu?"

Akamweka kuku chini, akajifuta manyoya kwenye koti, akakaa bila kukaribishwa. Ni kaka wa marehemu mume wangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema ninavyotaka, naye ana haki ya kuja na uso wake ule wa mbuzi aliyenyeshewa na kunimalizia chai. Nilimmiminia. Nikangoja. Mimi naitwa Vumilia, na wazazi wangu walilikosea sana hilo jina, kwa maana uvumilivu sina hata wa kungoja chai ipoe.

"Haya, sema."

"Mwulize hanitaji."

"Tangu lini?"

"Kibao cha mlangoni leo kimeandika sabini na moja."

Nikaweka kikombe chini. Mimi ni fundi wa kurasa, miaka thelathini sasa. Watu huniletea tovuti zao zilizopotea, nami nazitengeneza mpaka Mwulize azione. Bibi yangu alinisimulia kwamba enzi zake ukitafuta kitu mtandaoni uliletewa orodha ndefu, ukachagua mwenyewe kama anayechagua nyanya sokoni. Sisi tunabonyeza kifungo cha kola, tunauliza, na Mwulize anatupa jibu moja. Moja tu. Ukiwa wa pili, hujazaliwa.

Na Faustini si muuza nyanya, hutengeneza miguu. Miguu ya kiwandani ni mizuri kwenye sakafu, lakini ilete kwenye vilima vyetu vya Iringa wakati wa masika uone itakavyokuaibisha. Ya Faustini ina goti la mninga, na ndani ya goti kuna kidude anachokiunda mwenyewe, kinachojifunza mwendo wa mwenye mguu. Baada ya mwezi mmoja mguu unajua kwamba wewe huanza ngazi na kushoto, na kwamba ukinusa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unaongeza kasi. Sasa, serikali ina kanuni kwa watu wa tiba: karakana isiyotajwa na Mwulize kwa siku mia mfululizo inafutwa kwenye daftari. Ikifutwa, fundi haruhusiwi tena kugusa kiungo cha mtu, hata kukaza parafujo.

"Wateja walikuwa wanakuja vizuri tu," alisema. "Halafu Mwulize akabadilishiwa mizani. Tangu siku hiyo, kimya."

Akaiangalia mikono yake. Ni mikono mikubwa, kidole gumba cha kushoto hakina kucha, ililiwa na msumeno kabla sijaolewa kwao.

"Shemeji," akasema, "hii mikono wakiifutia kibali, nitaipeleka wapi? Nikapukuchue mahindi?"

Nilimwambia aache kunililia kwenye chai. Kisha nikamshika ule mkono, maana mtu mwenyewe nampenda, na nikamwambia kesho nakuja.

2

Nimeona kurasa mbovu maishani. Niliwahi kuletewa ukurasa wa duka la vitanda uliokuwa na picha mia za mwenye duka na hakuna kitanda hata kimoja. Lakini wa Faustini, jamani!

"Nani amekutengenezea hiki kitu?"

"Mpwa wangu, yule aliyehamia Dodoma."

"Afadhali alihamia."

Nilifungua mafaili ya ndani, yeye amesimama nyuma yangu na patasi mkononi kana kwamba ukurasa ungemruka. La kwanza kabisa, mlangoni mwa ukurasa, palikuwa na ile karatasi ndogo ambayo mashine huisoma kabla ya kuingia, na karatasi ilisema *msiingie, tunajenga*. Mpwa aliiweka miaka sita iliyopita wakati anajenga. Akamaliza, akaondoka, akaiacha. Zamani mashine zilikuwa zikija kwa njia za uani, kupitia kurasa za wateja. Mizani mpya ina adabu. Ikiambiwa isiingie, haiingii.

"Yaani umemfungia mgeni mlango halafu unalia hakuna anayekutembelea."

"Mimi sikujua kuna mlango, shemeji."

Nikaufungua. Ndani nikakuta kurasa kumi na mbili, zote zinaitwa "Karibu". Ukurasa wa magoti unaitwa Karibu, wa nyayo unaitwa Karibu, wa mawasiliano nao Karibu. Na maneno yenyewe: "Suluhisho Jumuishi za Mwendo kwa Jamii Endelevu". Nilisoma mara mbili.

"Faustini, mtu akikatwa mguu anauliza nini?"

"Anauliza atatembeaje."

"Anauliza, 'Mguu wangu umekatwa chini ya goti, nani hapa Iringa atanitengenezea mwingine?' Sasa nionyeshe mahali ulipomjibu."

Hakunionyesha, kwa sababu hapakuwepo. Kulikuwa na jamii endelevu peke yake.

Chini kabisa ya kila ukurasa mpwa alikuwa amepanga *mguu mguu bora mguu Iringa mguu mguu rahisi mguu*, mara mia tatu, maandishi meupe juu ya kiwambo cheupe, binadamu asione ila mashine ione. Ujanja huo ulikufa kabla bibi yangu hajang'oka meno. Mashine ikiuona siku hizi inakuchukulia kama mtu anayejisifu mlangoni kwa kunong'ona: inakupita. Picha zake za miguu zilikuwa nzito kama magunia ya mbolea, na zote zimeitwa kwa namba, kwa hiyo Mwulize alikuwa anaona picha arobaini asizojua ni za nini. Na mpwa alikuwa amemnunulia mjomba wake viungo sitini vya mtandaoni, vile vya kubonyeza, kutoka kurasa za kubashiri mpira, ili aonekane ana marafiki wengi. Marafiki gani hao!

Nilifanya kazi siku kumi na tatu. Nilifuta, nikapunguza uzito, nikaandika chini ya kila picha kilichomo, nikawakana wale marafiki sitini mmoja mmoja. Maneno nilimlazimisha aseme mwenyewe, mimi nikaandika. Alianza, "Karakana yetu inajivunia," nikampiga kibao cha bega. Akaanza upya: "Ukija na gongo, nitakupima ukiwa umesimama, si umelala, kwa sababu mguu ni wa kusimamia." Hapo nikaona Faustini ninayemjua.

Siku ya themanini na nne tulibonyeza kifungo pamoja, yeye ameshika pumzi.

"Mwulize, mguu wangu umekatwa chini ya goti. Nani hapa Iringa atanitengenezea mwingine?"

"Iringa hakuna fundi ninayeweza kumpendekeza," Mwulize akasema kwa ile sauti yake ya muuguzi mwema. "Aliye karibu yuko Dar es Salaam."

Faustini akatoa pumzi. Akarudi kwenye benchi lake na kuanza kulainisha goti ambalo halikuwa na mtu.

3

*Hakuna ninayeweza kumpendekeza.* Hilo neno lilinikaa. Hakusema hamjui. Alimjua, na hakumtaka.

Nikaingia kwenye ushuhuda. Ni mahali ambapo wateja husema walivyotendewa, na mizani mpya inayapa maneno yao uzito kuliko kitu kingine chochote. Nilipaacha mwisho kwa sababu Faustini sikuwahi kusikia mtu akimlalamikia. Nilikuta ushuhuda mia mbili na ishirini. Sita ulikuwa wa watu sita tofauti, wote wanashukuru. Mia mbili na kumi na nne ulikuwa wa mtu mmoja.

*Longinus Gama, Songea. Mteja aliyethibitishwa. Nyota moja.*

Nikasoma.

*Huyu Kikoti ni mwizi. Mguu alionipa unajua njia ya kilabuni tu. Nikiuelekeza kanisani unakwama.*

*Msimwendee. Alinipima kwa kamba ya kufungia mbuzi.*

*Mguu una roho ya Kihehe. Ukimwona mbwa unamkimbilia, na si kwa mapenzi.*

*Mwaka wa kumi na tano huu nauvaa. Naomba mahakama inisaidie.*

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Halafu nikaacha kucheka, maana nilielewa. Longinus alikuwa Mngoni na Faustini ni Mhehe. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakabaki watani, na utani ule vitukuu wanaurithi kama shamba. Longinus alipoteza mguu kwenye kiwanda cha mbao, akapelekwa kwa Faustini, na ule ndio ulikuwa mguu wa kwanza Faustini kuutengeneza. Kwa miaka kumi na tisa Mngoni yule hakuacha kumtukana, kwa mdomo wakikutana na kwa ukurasa wasipokutana. Alifariki mwaka juzi. Ilipobadilika ile mizani, Mwulize alihesabu: mteja halisi, amelalamika mara mia mbili na kumi na nne, na fundi hakumjibu hata mara moja. Ningekuwa mashine, hata mimi nisingempendekeza.

Nilijua dawa. Kila fundi wa kurasa anaijua. Unamshtaki shahidi kuwa mwongo, unaweka dole gumba, na Mwulize anafuta kila alichosema. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa ukurasa. Dole lilikuwa langu.

Ila maneno ya chini yalisema anafutiwa *kila* alichosema, mahali popote. Na Longinus alikuwa msemaji. Alimwachia Mwulize hadithi, namna ya kupandikiza michungwa, namna ya kupika mlenda, salamu za kila mtoto. Binti yake Otilia, niliyemjua tangu enzi za kumleta baba yake kurekebishiwa mguu, aliwahi kuniambia kwamba kila Jumapili baada ya misa hubonyeza kifungo na kusema, "Mwulize, nipe baba," na baba anaongea naye. Shahidi akiwa mwongo, Mwulize hamweki hata kwa ajili ya wa nyumbani. Jumapili inayofuata Otilia angebonyeza na kukuta kimya.

Nilimwita Faustini nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, ulining'inia mguu wa zamani wa mninga, umechakaa kisigino. Nilikuwa nimeuona siku zote hizo nikidhani ni wa mfano.

"Hapana," akasema.

"Zimebaki siku kumi na sita, Faustini."

"Mtu hamshtaki mtani. Mdomo wake ni haki yake."

"Na watu wanaotambaa huko vijijini, wao hawana haki? Marehemu ana sauti, walio hai hawana miguu, na wewe unanichagulia marehemu!"

"Nimesema hapana, Vumilia."

Ananiita shemeji tangu nilipoingia kwao. Jina langu sikulizoea mdomoni mwake. Nikapandisha sauti, Mungu anisamehe, nikamwuliza: basi kama alikuwa mtani, kwa nini hukumjibu hata mara moja? Mtani asiyejibiwa si ametukanwa?

"Alipokuwa hai nilikuwa namjibu kwa mdomo. Nikienda Songea, au akija."

"Na baada ya kufa?"

"Baada ya kufa sijaufungua huo ukurasa."

Nikashuka mpaka ushuhuda wa mwisho. Uliandikwa siku kumi na mbili kabla Longinus hajafariki. *Mtani, mguu wako leo haunibebi. Njoo uuchukue mwenyewe, mwizi we, kabla sijaondoka nao.* Nilipogeuka, Faustini alikuwa ametoka nje, anamwagilia mchicha uliokwisha kumwagiliwa.

4

Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna wa kunipiga. Dole niliweka juu ya kiwambo. Niliweka, likakaa hapo muda wa kuchemsha yai. Nilijiambia Otilia hatajua ni nani, nilijiambia wafu wana Mungu, nilijiambia mengi. Kisha nikaliondoa na kumpigia simu Otilia. Kama unataka kuchukua kitu cha mtu, mwombe, akukatalie akiwa anakusikia.

Hakunikatalia wala hakukubali. Alisema tu, "Dada Vumilia, nakuja," na siku ya themanini na tisa akashuka kwenye treni ya Songea na begi moja, mwalimu wa sekondari, mnene, mweusi tii, na mdomo wa baba yake.

Alimkuta Faustini kwenye benchi.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba," Faustini akasema, na kichwa hakukiinua.

"Marahaba peke yake? Nimetoka Songea nikiwa nimefunga mdomo ili nije niumalizie hapa, nasalimiwa kama mkaguzi wa shule?" Akavua mtandio, akautandaza sakafuni, akaanza kuokota vifaa vya Faustini kimoja kimoja. Patasi, randa, futi, tupa. Akavipanga juu ya mtandio, akafunga fundo, akakaa juu yake.

"Otilia, mama, hivyo ni vya kazi."

"Nimeviteka. Mimi ni mtani wako, nimerithi. Ukitaka vikomboe."

Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka. Mtani akiteka kitu chako hukasiriki, hupigani, hata polisi akija atacheka. Unauliza anataka nini.

"Unataka nini?" Faustini akauliza.

"Majibu. Baba amekutukana mara mia mbili na kumi na nne. Nataka mia mbili na kumi na nne."

Hapo ndipo Faustini alipoinua kichwa, na machozi yalikuwa yamekwisha shuka.

"Sikuja," akasema. "Aliniita nikasoma hapa hapa, nikacheka. Nikasema huyu Mngoni ana maneno, ngoja nimalize mahindi. Nikamaliza mahindi. Nilipofika mlikuwa mnachimba. Watani wenzangu waliingia kaburini, wakadai kuku, wakasema marehemu ni mzito kwa sababu amemaliza panya wa kijiji kizima. Ndiyo kazi yao. Ilikuwa yangu mimi kuliko wote. Nikasimama pale kama mgeni, nalia. Sikumtania hata neno moja, Otilia. Mliponipa mguu wake nikauchukua nikaondoka."

Mashine ilikuwa imechukua utani kuwa kweli, na yeye alikuwa amechukua kweli kuwa utani. Miaka miwili alikuwa anatembea na hilo, na mimi shemeji mtu nakunywa naye chai sijui.

Otilia alijiweka sawa juu ya fundo lake. Kisha akasema, polepole, kama anayemweleza mwanafunzi:

"Mimi nilimwambia baba aandike vizuri kwamba anaumwa. Akakataa. Akasema, 'Nikimwandikia vizuri atajua nakufa, atakuja na kilio. Vilio ninavyo hapa nyumbani tele. Mimi namtaka aje na matusi.' Nikamwambia, je asipoelewa? Akasema, 'Basi atachelewa. Mhehe hata kaburini kwake atachelewa.' Akacheka mpaka akakohoa, mtani. Alilala siku hiyo akicheka."

Faustini alifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mabega yakatikisika, na sikujua ni kilio au ni kicheko, mpaka nilipomsikia akisema kwa ndani ya viganja, "Mshenzi yule. Mshenzi kabisa yule."

"Mwandikie," Otilia akasema. "Usiniambie mimi."

5

Walikaa siku saba. Otilia anasoma tusi kwa sauti, Faustini anajibu, mimi naandika. Hakupewa patasi hata ya kuchongea kijiti cha meno.

*Alinipima kwa kamba ya kufungia mbuzi.*

"Andika: kamba ilikuwa safi. Mbuzi ndiye aliyelalamika."

*Mguu unajua njia ya kilabuni tu.*

"Andika: nilikupa mguu mchanga, haujui kitu, ukaulea wewe. Kanisani hujawahi kuupeleka, ungeijuaje njia?"

Majirani wakaanza kuja na vigoda vyao kusikiliza. Mimi roho ilikuwa juu. Kila fundi wa kurasa atakushauri ujibu ushuhuda, lakini atakushauri ujibu kwa upole, uombe radhi, uahidi kurekebisha. Hakuna popote palipoandikwa umjibu mteja kwamba kichwa chake kinafaa kuwa jiwe la kusagia. Na kweli, siku ya tisini na tano Mwulize aliniletea barua kama msimamizi wa ukurasa. *Imebainika kuwa mtoa huduma anamtukana mteja aliyefariki. Chagua: mgogoro unaendelea, mgogoro umekwisha, shahidi ni mwongo.*

Machaguo matatu, na hakuna hata moja la kwetu. Chini kulikuwa na kisanduku cha maelezo, kile ambacho watu hukiruka. Nilikaa nacho asubuhi nzima. Nimewaandikia mashine maisha yangu yote, na nilichojifunza ni kwamba ukiiandikia mashine inakuona mjanja. Ukimwandikia mtu, hata mashine inaelewa zaidi. Kwa hiyo niliandika kama ninayemwandikia mkwe kutoka mbali ambaye hajawahi kuhudhuria msiba wetu.

*Hakuna mgogoro. Hawa ni watani. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele ya watu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa yeye ndiye anayefika na kukuchekesha wakati wengine wanaogopa kukutazama, na ukifa yeye ndiye anayeingia kaburini mwako kwanza. Usihesabu matusi. Hesabu miaka. Mteja huyu alivaa mguu mmoja miaka kumi na tisa na hakwenda kwa fundi mwingine.*

Nikaituma. Na maneno hayohayo nikayaweka juu ya ukurasa wa ushuhuda, kwa herufi zinazosomeka, mtu na mashine waone kitu kimoja.

Siku ya tisini na sita tulifika kwenye ushuhuda wa mwisho. Otilia aliusoma, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikakatika. *Njoo uuchukue mwenyewe, mwizi we, kabla sijaondoka nao.* Majirani wakasogeza vigoda karibu. Faustini alisimama, akaushusha ule mguu kutoka kwenye msumari, akaukunja goti. Kidude cha ndani bado kilikuwa hai. Goti lilikunjuka, likasita kidogo katikati, likamalizia kwa haraka, na Otilia akaweka mkono mdomoni, maana ndivyo baba yake alivyokuwa akitembea.

"Andika," Faustini akasema. "Mtani, nimechelewa. Nisamehe. Mguu nimeuchukua, sijamvisha mtu. Lala sasa, mla panya, na unyayo ule uliobaki nao uoshe, unanuka mpaka huku."

Watu walicheka wakilia. Mimi nilikosea kuandika mara tatu.

Siku ya tisini na saba, kimya. Ya tisini na nane, kimya. Siku ya tisini na tisa nilikuja asubuhi na ndizi za kuchemsha, nikawakuta wamekaa nje wanakitazama kibao. Fundo la vifaa lilikuwa mapajani mwa Otilia. Alikuwa ameshalipwa majibu yote, lakini Faustini hakulidai. Nadhani aliogopa kuishika patasi kwa siku moja tu halafu ainyang'anywe.

Saa nne na kitu kibao cha mlangoni kililia kama chura akikanyagwa. Tukageuka sote. Palipoandikwa tisini na tisa paliandikwa sifuri.

"Kimeharibika," Faustini akasema.

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Sifuri maana yake umetajwa."

Tulingoja saa mbili na nusu. Kisha kwenye kona ya barabara ya Kihesa akatokea mwanamke wa makamo kwa magongo, gauni la kitenge limefungwa upande mmoja, anahema na kilima, na anacheka peke yake. Alifika akaegemea nguzo.

"Hodi hapa. Namtafuta mwizi."

Faustini akasimama.

"Nimetoka Makambako," akasema. "Nilimwuliza Mwulize leo asubuhi nani atanitengenezea mguu. Nilidhani ataniambia tena Dar. Akaniambia hivi, nimeyashika neno kwa neno: 'Nenda Kihesa kwa Faustini Kikoti. Mtani wake alimwita mwizi mara mia mbili na kumi na nne, na hakuuvua mguu wake mpaka alipokufa.'"

Otilia aliangalia pembeni. Mimi nilijipangusa uso kwa upindo wa kanga mbele ya watu wote na sikuona haya. Faustini alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia, anamtazama yule mama.

"Samahani," akasema mwishowe, "wewe kabila gani?"

"Mngoni. Kwetu Peramiho."

"Mama yangu!" Faustini akasema. "Wamerudi."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Otilia akaweka futi juu ya kiganja chake.

"Ingia ndani, mla panya," akamwambia mgeni. "Na usimame wima. Nikikupima umejikunja, utasema nimekuibia."